Siku Nilipomuua Rukia kwa Kitabu

Jamani, hii aibu nimeificha miezi mitatu, lakini kwa vile soko lote la maziwa hapa Isiolo linaijua tayari, afadhali muisikie kwangu mwenyewe.

Mwalimu mmoja, mteja wangu wa maziwa ya ngamia, alikuwa ameniazima kitabu, hadithi ya zamani ya madada wanaokua nyumba moja wakigombana na kupatana, na mimi (mtu mzima, mama wa watoto watatu!) nikanaswa kabisa. Basi siku hiyo wateja hakuna, nikajiambia wacha nisome ukurasa mmoja tu, kumbe ndio ule ambapo dada mdogo anakufa. Wueh! Nililia mpaka mtandio ukalowa.

Mama Guyo wa meza ya pili akaniwahi. "Talaso, ni nini?"

"Mdogo amekufa," nikasema.

"Rukia?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Rukia ni mdogo wangu wa tumbo moja, ameolewa kijiji cha Rapsu, na tulikuwa hatuongei mwaka mzima tangu nilipomtukana bwanake mbele ya wageni wa harusi. Kusikia hilo jina tu, kilio kikapanda mara mbili, nikashindwa kujibu. Mama Guyo akaona amejibiwa.

"Innalillahi!"

Na sisi mnatujua, maiti hailali, inazikwa leo leo. Kabla sijapata pumzi nimeshikwa huku na huku hadi nyumbani, meza zikafunikwa, sukari ikaja, sembe ikaja, mikeka ikatandikwa, na kila nikifungua mdomo kueleza naambiwa "nyamaza, subira," nami nikanyamaza (kusema kweli niliogopa), mpaka mzee wa msikiti akaingia kuuliza: vijana wako makaburini na majembe, mwili unafika saa ngapi?

Simu ikaita. Rukia.

"Dada, nasikia nimekufa."

Nikapiga nduru mbele ya watu wote. "Yuko hai! Aliyekufa ni wa kitabu!"

Mzee akatazama kitabu kwapani mwangu, akanitazama mimi, akatoka kutafuta viatu vyake. Mtu akatumwa mbio kuwaambia vijana waache kuchimba. Na wale wanawake, badala ya kunipiga, walicheka hadi wakalala kwenye mikeka, halafu wakasonga ile sembe tukala. Mungu awabariki. Waliacha maziwa yao yakachacha juani kwa ajili yangu, na hakuna aliyenilaumu.

Jioni Rukia akafika na bwanake.

"Wanasema ulinililia sana," akaniambia.

"Nilianza kulilia kitabu. Lakini walipotaja jina lako, nikakulilia wewe."

Akanikumbatia. Nikamgeukia shemeji, nikamwomba msamaha mbele ya wanawake wale wale, nikilia tena, na yeye maskini akaniambia yaishe.

Kusoma sokoni nimeacha, wallahi. Siku hizi nasomea nyumbani, mlango umefungwa, na nikifika mahali pa kulia nampigia Rukia kwanza.