Mama Haraka Akalia Mikono

Msaidizi wa darasa la chekechea walimwita Mama Haraka, maana kwa miaka kumi na miwili hakuna mtoto aliyehangaika na kiatu asimvishe yeye. Safari hii mwalimu, mtaalamu wa tiba ya viungo na bibi wa msichana mgeni walimbana: msichana huyo, ambaye mkono wake wa kushoto hauna nguvu, atundike mkoba mwenyewe, asije akazoea kufanyiwa.

Mkoba ukaanguka mara mbili. Mama Haraka akakalia mikono yake.

"Dada, unapumua kweli?" mtaalamu akanong'ona.

"Kwa shida. Niache."

Mara ya tatu mtoto akaung'ata ukanda, akausukuma mkoba juu kwa mkono wa kulia, ukanasa kwenye msumari.

"Nani kakufundisha?" bibi akauliza.

"Hakuna."

Mama Haraka akacheka, mikono imekufa ganzi.