Mlingoti Aenda Kununua Baiskeli

Pale stesheni ya treni, dirisha la pili kutoka mlangoni, palikuwa na mkata tiketi ambaye abiria walimjua kuanzia utosini hadi kifuani tu. Walimjua kwa sauti yake ya taratibu, kwa vidole virefu vilivyorudisha chenji bila papara, na kwa tabia yake ya kutobishana kabisa na mtu aliyeachwa na treni. Zaidi ya hapo hawakujua kitu. Siku akitoka kibandani kwenda kunywa chai, hata mtu aliyemsalimia dirishani miaka nenda miaka rudi alirudi nyuma kidogo na kuguna, maana mama yule alikuwa akiinuka, basi anaendelea tu kuinuka.

Wenzake walimwita Mlingoti. Jina hilo alitoka nalo shule ya msingi, likamfuata hadi kazini. Hakulichukia. Alishalizoea, kama alivyozoea mambo mengi, na ukitaka nikwambie ukweli, hapo ndipo lilipokuwa tatizo lake: huyu mama alikuwa bingwa wa kuzoea. Sinki la jikoni lilimfika mapajani, akazoea kuosha vyombo magoti yamekunjwa. Kitanda kilimwacha miguu nje, akazoea kulala kimshazari, mumewe akabaki na kona. Hata kazi ya dirishani aliitaka kwa sababu moja ambayo hakumwambia mtu, nayo ni kwamba ilikuwa kazi ya kukaa.

Kujikunja alifundishwa mapema. Alipokuwa kigori, mama yake mzazi alimpiga kibao chepesi mgongoni kila walipotoka nyumbani, akimwambia ainame kidogo, wachumba hawatembei na ngazi. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na samaki huyu alikunjwa, akakunjika barabara. Kufikia utu uzima alikuwa na hila zote za watu warefu. Kwenye picha husimama mstari wa nyuma, goti moja limelegezwa. Kwenye foleni huegemeza bega ukutani. Mlangoni hutanguliza kichwa, macho chini, kama aliyeangusha sindano. Wachumba walikuja vilevile, na aliyempata alikuwa fundi rangi, mfupi, mcheshi, mwenye ngazi yake mwenyewe, ambaye hadi leo huwaambia watu kwamba alioa ili apumzike kuibeba.

Mungu aliwajalia binti mmoja, na maji yakafuata mkondo. Alipofika umri wa kuvunja ungo, sketi za shule zilikuwa zinamkimbia kila muhula. Majirani walimuuliza kama huko juu mvua imeshaanza. Lakini mkono wake ulikuwa na kipaji: alichora nyumba, madaraja, ngazi za ghorofa, vyote vimenyooka kwa rula na vinaeleweka. Akapata nafasi katika chuo cha ufundi upande wa pili wa mji, asomee uchoraji wa majengo. Hakuna kitu alichokuwa amekitaka maishani kama hicho. Kikwazo kikawa njia. Asubuhi hakuna basi linaloelekea huko, na kwa miguu angefika wenzake wanakwenda mapumziko. Ilibidi apande baiskeli, na binti akasema hapandi.

Tusimlaumu. Baiskeli aliyokuwa nayo alirithi kwa binamu yake, mfupi wa watu. Alipoiendesha, magoti yalipanda mpaka yakamgonga usukani, na watoto wa mtaa wakambandika jina la Panzi. Alivumilia mpaka siku moja akaiegemeza nyuma ya nyumba, asiiguse tena. Sasa akatangaza mezani, bila hasira wala machozi, kwamba kama chuo ni cha kwenda kwa baiskeli, basi haendi. Atatafuta kazi hapa karibu, ya kukaa.

Mlingoti akaisukuma sahani kando. Baba akaweka kijiko chini, akasema Jumamosi itanunuliwa baiskeli nyingine, mpya, na atakayekwenda na mtoto ni mama, kwa sababu yeye habari za miguu mirefu huzisikia tu. Masomo yalikuwa yaanze Jumatatu. Binti alikubali kwenda kuangalia. Kuangalia tu, alisema.

Duka la baiskeli lilikuwa refu na jembamba, linanuka mpira mpya na mafuta ya mnyororo. Fundi mwenye duka, mtu wa makamo mwenye penseli sikioni, hakuwaonyesha kitu kwanza. Aliuliza njia ikoje, ina vilima, na huyu dada anabeba nini. Mlingoti akajibu kwamba njia ni tambarare, ila ndefu, na mzigo ni mkoba na karatasi za michoro. Fundi akasema basi wasihangaike na zile za mashindano, za kulalia usukani utadhani umepoteza kitu barabarani. Akawapeleka kwenye zile wanazoita za starehe: usukani mpana, kiti kinene, tairi nono, na mwendeshaji hukaa kama aliye kwenye kiti cha sebuleni.

Hapo ndipo Mlingoti alipofanya kosa ambalo mtu mfupi asingeweza kulifanya. Mfupi akiwa na mtoto mrefu humtafutia baiskeli kubwa, ndiyo akili ya kawaida. Mlingoti alipita mstari mzima akitafuta ile ambayo binti yake akiipanda ataonekana mfupi. Akaipata mwishoni, ya kijani, fremu imeshuka chini, imetengenezewa mtoto wa darasa la sita. Akamkalisha juu yake, akarudi nyuma, akatazama. Kichwa cha binti kilikuwa chini ya rafu ya helmeti. Mama akaridhika.

Fundi akasema magoti yanamgonga. Mlingoti akasema si kiti kitapandishwa. Fundi akachukua spana, akakipandisha mpaka alama ya mwisho ya nguzo yake. Sasa mguu ulinyooka vizuri, lakini usukani ukabaki kule chini, binti akauinamia, viganja vimebeba uzito wote. Fundi akaeleza, kwa upole wa mtu aliyelieleza jambo hilo tangu ujana wake, kwamba kupandisha kiti kunausaidia mguu peke yake. Kiwiliwili nacho kinataka nafasi yake, na nafasi hiyo ni urefu wa fremu, haiongezwi kwa spana.

Akaingia nyuma, akatoka anasukuma nyeusi moja kubwa. Fremu ilikuwa ndefu, usukani umeinuka na kurudi nyuma, pedali zimesogezwa mbele kidogo ili mguu unyooke bila kiti kwenda mbinguni, na mtu akisimama njiani wayo uguse chini. Hii, alisema, mtu huiendesha mgongo umesimama wima. Hata akitaka kujikunja hana pa kujikunjia, kwa sababu usukani umemfuata mwenyewe. Fundi alikuwa anaisifu. Mlingoti alisikia kasoro.

"Hapana, fundi," alisema. "Juu ya hiyo ataonekana kuanzia mwanzo wa barabara hadi mwisho."

"Ndiyo uzuri wake, mama. Madereva watamwona."

Mlingoti akasema watachukua ile ya kijani. Mtoto atazoea.

"Sawa tu, Mama," akasema binti.

Alilisema akiwa ameshashuka, bega limeegemea nguzo ya duka, goti moja limelegezwa. Mlingoti aliliona goti lile. Hakuna aliyemfundisha. Hakuna kibao alichopigwa mgongoni hata siku moja, maana Mlingoti aliapa zamani kwamba hilo hatamfanyia mwanawe. Mtoto alikuwa ameokota mwenyewe, kwa kutazama. Moyo ulimuuma mama huyu, uchungu wa wazi kabisa.

Bahati fundi hakuwa amemaliza. Alisema ya kijani ama nyeusi, yeye hauzi bila kupima, kwa sababu mteja akiharibika goti hamrudii daktari, humrudia yeye. Kipimo chake kilikuwa chepesi. Mtu huvua viatu, husimama ukutani, visigino, mgongo na kisogo vyote viguse, hushika mwenyewe kibao kidogo na kukipandisha katikati ya miguu kama amekikalia. Fundi huchora alama ya penseli, halafu hupima kutoka sakafuni. Ukuta ule ulijaa alama za watu.

"Sipimwi," akasema binti.

Fundi akasema ni mguu tu unaopimwa.

"Sipimwi." Kisha, akiitazama sakafu, "Mama yangu nimempita tangu mwaka jana. Wewe mwenyewe unamwona alivyo, watu wanamshangaa, na mimi nimempita. Na bado narefuka. Sitaki kujua nimefika wapi."

Mlingoti alikumbuka kioo cha ukumbini, wanavyosimama wawili asubuhi kuchana nywele, na binti anavyotokeza juu yake. Alikuwa ameliona hilo siku zote. Na tuseme kweli, alikuwa amelifurahia pia: kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba ile palionekana mtu mrefu kuliko yeye. Hakuwahi kuwaza kwamba mtoto anauchukulia urefu huo kuwa mzigo, tena mzigo usio wake. Aliona haya, haya ya mtu mzima, inayopanda polepole na haiondoki.

Akavua sandali.

"Nianze mimi, fundi."

Fundi alimtazama, akampa kibao. Mlingoti akaweka visigino ukutani. Fundi akamwambia na mgongo, mama. Mlingoti akasema umeshafika. Fundi akasema bado, na mabega, na kisogo. Mlingoti akavuta pumzi, akaanza. Haikuwa kazi ndogo. Kiuno kiligoma kwanza, kikalia, halafu mgongo ukafuata pingili kwa pingili, kama mwavuli uliokaa kabatini mpaka vyuma vikashika kutu. Aliinuka akaipita rafu ya helmeti. Fundi, ambaye walikuwa wanatazamana macho kwa macho, akajikuta anazungumza na kidevu. Kutoka huko juu Mlingoti aliona vumbi la juu ya kabati na vifuniko vya makopo ya rangi. Aliona pia njia ya nywele utosini mwa binti yake, ile aliyoichora mwenyewe kwa kitana asubuhi ile mtoto akiwa ameketi. Mtoto akiwa amesimama, hakuwa ameiona tangu akiwa mdogo.

Binti alikuja mbele yake. Akatazama. Halafu akanyoosha mgongo, kwa sababu bila kunyoosha hawezi kulinganisha, akaweka kiganja utosini mwake na kukisogeza mbele taratibu. Kikagota kwenye pua ya mama yake.

"Mama. Kumbe unanipita."

"Nakupita."

"Sasa ilikuwaje?"

"Nilikuwa nimeinama."

"Tangu lini?"

Mlingoti alifikiri. Alitaka kumjibu kwa haki. "Tangu kabla hujazaliwa, mwanangu."

Fundi akachora alama yake, akapima, akasema tayari, mama apumzike sasa. Na Mlingoti, kwa mazoea, akaanza kulegeza goti.

"Usishuke kwanza," akasema binti.

Hakushuka. Alibaki pale, kisogo ukutani, kiuno kinamuuma vibaya, mnyororo wa baiskeli fulani ukizunguka peke yake huko ndani. Binti akachuchumaa akafungua kamba za viatu, akavivua, akavipanga kando ya sandali. Akaja akasimama ukutani ubavuni mwa mama yake, visigino, mgongo, mabega, na kisogo, na akamwomba fundi ile nyeusi asiirudishe nyuma.