Suti Niliyovaa Kumhukumu Mfalme

Hapa Tanga wananiita Msomi, na siwalaumu, maana diploma yangu niliisotea mwenyewe huku nikiendesha teksi Dallas. Lakini hili mnisitiri.

Jumamosi moja tulikutana Arlington, mji jirani na Dallas, kumchagua mwenyekiti wa chama cha Waswahili. Niliutaka uenyekiti kwa udi na uvumba, nikaomba kwanza nitoe mhadhara juu ya yule mfalme wa Ufaransa aliyejifananisha na jua. Nilivaa suti mpya ya kijivu.

"Alifaulu kwa sababu hakumwamini mtu!" nilinguruma. "Wakubwa wote aliwaweka kasrini, awaone!"

Hapo nikaona watu wananong'ona, macho kwenye mkono wangu. Nikajua ni njama za mpinzani wangu, Mama Neema, muuguzi kutoka Bukavu. Mara akainuka, akanijia akitabasamu.

"Kaa chini, mama! Wasaliti huja na tabasamu."

"Papa, ngoja kwanza..." alisema, akiniita baba kwa Kiswahili cha kwao.

"Nasema kaa! Sasa sikilizeni kosa la mfalme. Fahari yake ilikuwa ya mikopo, na nguo ya kuazima haisitiri matako!" Nikapunga mkono juu kwa nguvu.

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Kwenye mkono wa koti ilining'inia lebo ya dukani, niliyokuwa nimeikunja ndani ili Jumatatu niirudishe suti na kudai pesa zangu.

Mama Neema akaninong'oneza, kumbe kipaza sauti kiko mdomoni pangu, ukumbi mzima ukasikia:

"Papa, nilitaka nikufichie tu. Na upunguze jasho, dukani hawataipokea."