Meza Tuliyoirudisha

Fundi samani niliyemfanyia kazi Greenbelt, Marekani, alikuwa Mkweka, muumini wa Kanisa la Marafiki kama wale wa kwetu Kaimosi. Mzee mrefu, sauti ya chini, viganja vigumu. Kila alipomaliza kupiga msasa aliupapasa ubao huku amefumba macho, na akihisi mkwaruzo alianza upya bila kunung'unika.

Ijumaa moja ya mwaka tisini na nane tulipeleka meza ya kulia chakula kwa familia moja mji wa jirani, Oxon Hill. Elieth, dada aliyeletwa kutoka Singida kufanya kazi za ndani, alikuja kuifuta. Aliposikia Kiswahili changu akaninong'oneza, "Kaka, tangu nifike sijatoka humu. Pasipoti wameificha, mshahara sijauona." Nikamtafsiria mzee.

"Huo ni utumwa," akasema. Aliweka bisibisi chini, akafungua mlango wa mbele, akasimama pale. "Mwambie gari liko nje. Aje tu."

"Fundi, fanya kilichokuleta," mwenye nyumba akafoka.

Elieth aliutazama mlango kwa muda mrefu. "Nikitoka, mama yangu kule Singida ndugu zao watamfanyaje?" Akaendelea kufuta.

Mzee akafungua miguu ya meza, tukairudisha garini. Jumatatu tulirudi na mwanasheria, tukakuta nyumba tupu, mapazia yameondolewa. Jirani alisema wamehama jana, na yule dada hakumwona. Mwanasheria alishageuka, lakini mzee alibaki mlangoni akibonyeza kengele, akibonyeza tena, mpaka nikamshika mkono.