Mkuu wa Uzushi

Mwaka huo amri ilishuka kutoka juu kwamba kila idara ya serikali iwe na mkuu wa ubunifu. Idara yetu, iliyoshughulikia vibali, ikamteua bosi wangu, na sababu niliyoisikia kantini ni kwamba siku ya kikao yeye alikuwa kwa daktari wa meno. Alirudi shavu limevimba, akakuta ana cheo.

Mimi nilikuwa karani wake, mwanamke wa Tanga niliyeletwa Dubai na kampuni ya wakala iliyoshika viza yangu. Yeye alikuwa mwenyeji, lakini mamaye alizaliwa Unguja, kwa hiyo tukiwa wawili alinisemesha Kiswahili cha kwao, kitamu na cha kizamani. Wakatuhamishia chumba cha vioo chenye viti vya rangi rangi kama vya chekechea. Kila aliyepita ukumbini alituona tukiwaza. Nilikichukia chumba kile. Hata kupiga chafya niliona haya.

Nami nilikuwa na jambo langu. Mkataba wangu ulikuwa unaisha Desemba, na binti yangu alikuwa anaanza darasa la kwanza Januari. Nilimwacha kwa mama yangu bado ananyonya, nikawa namwona likizo kwa likizo. Nilikuwa nimemwahidi kwamba shule nitampeleka mwenyewe, nimshike mkono mpaka mlangoni. Nikamweleza bosi wazi, bila kuzunguka, kwamba mkataba ukiisha narudi nyumbani. Akajibu inshallah, nikalipokea kama tunavyolipokea kwetu, neno la mtu aliyekubali.

Kisha akaharibu mambo kwa simu moja. Alitaka kumpasha mamaye habari za cheo, akakosa Kiswahili cha ubunifu. Badala ya kuniuliza mimi niliyekaa mbele yake, akajitungia: amefanywa mkuu wa kuzua mambo mapya, yaani mkuu wa uzushi. Lo! Kwa mzee wa Unguja mzushi ni mwongo wa mtaani, na uzushi katika dini ni njia ya motoni. Bibi wa watu alilia. Akaagiza aletwe yule Mswahili wa ofisini amweleze mwanawe kaingia katika balaa gani.

Ijumaa nikapelekwa nyumbani kwao, mtaa wa Rashidiya. Nikamwamkia bibi, nikaketi kwenye zulia, nikapewa kahawa na vileja. Nikamwambia kazi yenyewe ni ubunifu, si uzushi. Mwanawe anatafutia watu njia ya kuwaondolea usumbufu. Bibi akataka mfano. Mimi na mdomo wangu nikamtolea uliokuwa karibu: kila mkataba ukikaribia kuisha, sisi watu wa wakala tunashinda kwenye foleni, karatasi hii huku, muhuri ule kule, na unarudishwa kwa sababu picha ina kivuli.

Akamgeukia mwanawe. "Kumbe ndiyo maana anataka kwenda zake, masikini. Muondolee usumbufu huo, mwanangu. Mtu anayekufaa humwachii akaenda kwa ajili ya karatasi."

Nikasema, bibi, nina mtoto. Akanipapasa goti, akasema Mungu amkuze, akaniongezea kileja. Nani atamkatiza mzee nyumbani kwake? Nikala.

Bosi akalishika wazo lile kama mgonjwa aliyepata dawa. Alikaa na mafundi wa kompyuta wiki kwa wiki mpaka akakonda, na sikuwahi kumwona na furaha vile. Kila nilipomkumbusha Desemba alisema inshallah, yalla, haya lete chai. Nikaanza kulisikia neno lile kwa sikio la Dubai, neno la mtu asiyetaka kusema hapana.

Siku ya uzinduzi wakaja wakubwa, kanzu nyeupe zikajaa chumba cha vioo. Bosi akaeleza kwamba sasa mkataba utajihuisha wenyewe: foleni hakuna, karatasi hakuna, kusaini hakuna. Akabonyeza. Kwenye skrini ikatokea sura yangu, na chini yake, kwa kijani, miaka miwili mipya. Wakapiga makofi. Na mimi nikapiga; ungefanyaje, wakubwa wote wanakutazama?

Walipotoka nikamuuliza bosi kama mkataba unaweza kurudishwa nyuma. Alidhani natania.

"Kurudishwa kwa nini? Wewe ndiye wa kwanza idara nzima."

Alisema hivyo kwa uso wa mtu aliyekupa zawadi. Nilitaka kumzaba kibao, na papo hapo nilitaka kulia, maana alinitakia mema kwa dhati. Mkataba mpya hauna likizo mpaka mwaka upite, na kuuvunja kungenifungia viza nisirudi tena kazini, na viza ile ndiyo iliyolisha nyumba yote kule Tanga. Nikakusanya vikombe vya wageni, nikaviosha kimoja kimoja.

Jioni nikampigia binti yangu. Nikamweleza kwamba bosi wa mama anamhitaji mama, kwa hiyo Januari mama hatakuja.

"Basi mwambie yeye aje anipeleke," akasema, akampa bibi yake simu.