Kijistari cha Manjano

Tulikuwa watatu ukumbini: mimi, binti yangu wa pili, na mwanawe wa kike, anayefanya kazi ya kompyuta hapa hapa Amu. Majina yao ninayo, ila wamenikataza kuyaandika.

Mjukuu alikuwa kwenye lile dirisha jeusi anamoandikia kompyuta amri. Humo mna kijistari chembamba, chamemeteka kuonyesha herufi itaingia wapi. Akaandika amri, kikawa kipande kinene. Akaandika nyingine, kikawa cha manjano.

“Wakipamba kama biarusi?” mamake akamtania.

“Hunipotea, Mama. Sikioni kikiwa chembamba.”

Nikamsogelea. Mama yangu, msusi wa mikeka kule Kipungani, alianza hivyo hivyo. Alitaka ukindu mmoja utiwe rangi nyekundu, apate kuona mkono umefika wapi. Haukupita muda, akawa asuka kwa kupapasa.

“Ziba jicho la kulia,” nikamwambia mjukuu. Akaziba huku acheka. “Haya, mama yako kashika nini?”

Kicheko kikamwisha. Binti yangu alikuwa kainua birika kubwa la shaba.

“Bibi, humu mna kiza.”

Na jua lilikuwa limejaa ukumbi mzima.

Kesho twampeleka mjukuu kwa daktari wa macho. Enyi wa Kipungani mliomjua mama yangu, kama nimekosea, nirekebisheni. Mkinambia hakupofuka kwa ndia hii ya mjukuu wangu, wallahi nitawashukuru.