Pengo la Byiringiro

Reli yenyewe ilikuwa fupi. Kilomita saba tu, kutoka Kibati chini ya volkeno mpaka kiwanda cha pareto mjini, kando ya ziwa. Wabelgiji waliitandika kwa ajili ya makala, kama huko wanavyoyaita makaa: huko juu miti ikachomwa, huku chini makala yakakausha maua. Injini haikuwapo, mteremko ndio uliofanya kazi. Vagoneti, kigari cha chuma cha relini, ikijazwa iliachiwa ishuke yenyewe, na juu yake alisimama mtu mmoja ameshika gongo la breki, akipaza sauti ili watu na mbuzi watoke njiani: "Makala inashukaa! Toka njia!"

Donat Kasereka alishika gongo hilo tangu alipokuwa na miaka kumi na saba, alipokuja kutoka upande wa Butembo akiwa na shati moja. Alilishika miaka zaidi ya thelathini, mpaka nyonga yake ya kulia ikaharibika. Watu walimwita Papa Fren, yaani Baba Breki. Mwanzoni ilikuwa heshima.

Kiwanda kilipofungwa, mkurugenzi alimwachia nyumba ya vyumba viwili kule juu na neno moja: "Linda reli. Tutarudi." Donat akalinda. Alifyeka majani, akapaka breki grisi aliyoinunua mwenyewe, akawafukuza kwa mawe watoto waliochezea vagoneti. Mkewe, Ernestine, alipopatwa na ugonjwa uliomkausha miguu, Donat alimpikia na kumwogesha, kisha akarudi kwenye reli yake. Zaidi ya mkewe na reli hiyo, hakupenda mtu wala kitu.

Aliyemchukia kuliko wote ni jirani yake Byiringiro, mwendesha chukudu. Magari yale ya mbao ya magurudumu mawili ndiyo yaliyochukua makala yote ya Kibati baada ya kiwanda kufungwa, na Byiringiro alikuwa hodari wao. Alipita na magunia manne, goti moja juu ya ubao, akicheka.

"Papa Fren! Reli yako iko naota majani mazuri. Nilete mbuzi zangu?"

Barabara nzima ilicheka. Donat aliinamia majani, akafyeka. Aliyaweka maneno hayo mahali pake, pamoja na mengine.

Kisha ukaja mwezi wa saba wa mwaka wa tisini na nne, wakimbizi wa nchi jirani wakavuka mpaka kwa malaki, wakapiga kambi hapo Kibati. Ndani ya wiki mbili hapakubaki ua wala mti. Milango iliyosahauliwa wazi ilichemsha maharage. Mbao zilipokwisha, mikono ikageukia chuma. Reli ile ilikuwa ya vipande vya mita tano tano, kila kimoja kama ngazi, na asubuhi moja Donat alikuta ngazi mbili za mwanzo, kule juu kabisa, hazipo. Akawa kama mtu aliyeng'olewa meno usingizini.

Akaamua kuiba kabla hajaibiwa. Penye kona ya Kanyaruchinya alifungua ngazi nane, akazisukuma kwa gongo lake hadi kwenye mtaro, akazifunika kwa changarawe nyeusi na mawe ya lava. Alijiambia kwamba reli iliyokatwa katikati haina faida kwa mwizi, na siku kiwanda kitakaporudi atazifukua. Hakumwambia mtu, hata Ernestine.

Lakini askari walipokuja kuuliza, aliyepaswa kujibu kwanza ni mlinzi.

"Ni Byiringiro," alisema Donat. "Byiringiro na wale wakimbizi wake."

Byiringiro alizaliwa Rutshuru, upande huu wa mpaka, na baba yake pia, na babu yake. Lakini alisema lugha ya watu wa kambini, na msimu ule hakuna aliyehitaji ushahidi mwingine. Donat alilijua hilo kabla hajafungua kinywa. Walimchukua mbele ya mkewe, Léoncie, wakamweka ndani miezi mitatu. Alirudi akitema damu, na Pasaka haikumkuta. Mahali pale penye kona watu wakapaita Pengo la Byiringiro, na Léoncie akawa anapita hapo kila siku ya soko akisikia watu wakilitaja.

Mwaka wa tisini na sita vita vikashuka kutoka kaskazini. Mwishoni mwa mwezi wa kumi mizinga ilisikika upande wa Kibumba, na Kibati ikafungasha. Vijana waliondoka na chukudu karibu zote. Donat alizunguka nyumba kwa nyumba kutafuta wa kumbeba Ernestine.

"Mubebe na reli yako," alimjibu Paulin, seremala aliyewahi kupigwa jiwe naye, bila hata kugeuka.

Ndivyo alivyofanya. Alitandika godoro ndani ya vagoneti ya mwisho, akamlaza mkewe, akapanda nyuma na gongo lake. Magurudumu yalilia, kisha yakakumbuka. Waliwapita majirani waliowatukana kwa jinsi walivyowapita. Penye kona ya Kanyaruchinya, Donat alilala juu ya breki kwa uzito wake wote, na vagoneti ikasimama hatua tatu kabla ya pengo.

Mita arobaini. Ng'ambo yake reli iliendelea mpaka mjini.

"Sasa?" aliuliza Ernestine.

Donat alishuka, akaanza kuondoa mawe.

"Donat, uko nachimba nini?"

Alichimba kwa gongo, kisha kwa kucha. Chuma kilipotokea, chekundu kwa kutu, Ernestine alikitazama muda mrefu. Halafu akajifunika uso kwa kitenge.

Ngazi moja ilikuwa nzito kuliko nguvu za mtu mmoja mwenye nyonga mbovu. Aliinua upande mmoja, ikamwangukia. Akaita watu waliokuwa wakipita. Walisimama, wakaona, na hakuna aliyeshusha mzigo wake.

"Njo hizi?" alisema Paulin. "Zilikuwa hapa siku zote?" Akatema mate kwenye mtaro. "Ongeza jina, muzee. Hapa sasa panaitwa Pengo la Papa Fren."

Hapo ndipo Léoncie alipofika, akisukuma chukudu ya marehemu. Juu yake palikuwa na gunia la makala, masufuria na godoro. Watu walimpisha. Aliona ngazi, mtaro, mikono ya Donat inayovuja damu, wala hakulia. Mizinga ilipiga, karibu zaidi, na baadhi ya watu wakakimbia.

"Mama Léoncie," alisema Donat. "Mimi sikuombi kitu. Ila mama huyu hakujua. Chukua yeye."

"Usiniite mama."

Alimtazama Ernestine chini ya kitenge chake. Kisha akafungua kamba, akalisukuma gunia la makala likaviringika mtaroni, masufuria yakalifuata.

"Mupandishe."

Donat alimbeba mkewe, akamketisha juu ya godoro la Léoncie. Alipotaka kushika chukudu, Léoncie alimpiga mkononi.

"Chukudu ya bwana yangu hautaishika. Weye utaenda mbele." Akamnyooshea kidole barabarani, kulikojaa vichwa na mizigo mpaka Munigi. "Sauti yako tunaijua. Ulikuwa naita kila siku: makala inashuka. Leo utaita ingine. Utaita nani aliiba reli, na nani alikufa kwa sababu yake. Ukinyamaza, bibi yako nitamushusha palepale."

Donat alimtazama Ernestine. Alitaka neno moja, hata tusi.

"Ita," alisema Ernestine.

Akaenda mbele, akichechemea. Mara ya kwanza sauti haikutoka. Nyuma yake alisikia gurudumu la mbao likisimama, akageuka, akamwona Léoncie ameweka mkono begani kwa Ernestine, tayari kumshusha.

"Ni mimi niliiba reli!" alipiga kelele. "Byiringiro hakuiba! Nilimusingizia, akakufa! Toka njia!"

Watu waligeuka. Wengine walicheka, kwa kudhani ni mwendawazimu wa vita. Wengine, waliomjua, waliokota mawe, na moja likampata shingoni. Gurudumu lilisogea tena. Aliita hapo Kanyaruchinya, akaita kule Munigi, akaita mbele ya lango la kiwanda lililofungwa kwa mnyororo. Walipoingia mtaa wa Mapendo, mjini, sauti yake ilikuwa imebaki mkwaruzo tu, na waliomsikia ni wale waliosimama karibu kabisa. Léoncie aliendelea kusukuma bila kumwambia aache.